Mkopo kwa Dhamana ya Nyumba: Leseni ni ya Taasisi, Si ya Afisa Mikopo

Mkazi wa Kihagara au wa Mbinga mjini anayetaka kuweka nyumba yake rehani hukutana kwanza na afisa mikopo. Ndiye anayeleta fomu, anayeikagua nyumba na anayeeleza marejesho. Hata hivyo, sheria za Tanzania hazimtaki afisa huyo awe na leseni yake binafsi. Leseni ni ya taasisi iliyomwajiri, nayo hutolewa na Benki Kuu ya Tanzania.

Benki hupewa leseni chini ya Sheria ya Benki na Taasisi za Fedha ya mwaka 2006. Wakopeshaji wadogo husimamiwa na Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, iliyowagawa watoa huduma katika madaraja manne. Daraja la pili, la wasiopokea amana, linajumuisha kampuni na pia mtu binafsi anayekopesha kwa riba. Huyu wa mwisho ndiye mtu pekee anayelazimika kuwa na leseni kwa jina lake mwenyewe, na kukopesha bila leseni hiyo ni kosa la jinai.

Nchini Marekani utaratibu ni tofauti. Tangu sheria ya mwaka 2008, iliyotungwa wakati wa msukosuko wa mikopo ya nyumba, afisa wa mikopo hiyo asiyeajiriwa na benki husoma kwa saa zisizopungua 20, hufaulu mtihani kwa asilimia 75, huchukuliwa alama za vidole na hupewa namba katika rejista ya taifa.

Kwa kuwa hapa nchini hakuna namba ya namna hiyo, kitambulisho cha kazi cha afisa hakitoshi. Mwananchi anapaswa kuuliza jina kamili la taasisi, kuomba kuiona leseni, na kulilinganisha jina hilo na orodha ya taasisi zenye leseni inayotolewa na Benki Kuu kwenye tovuti yake. Mikopo inayoitwa mitaani “kausha damu” hustawi pale ambapo swali hili haliulizwi. Mkulima wa kahawa anayelipwa kwa msimu, huku akidaiwa marejesho ya kila wiki au kila mwezi, ana sababu ya ziada ya kuuliza mapema.

Nyumba ya familia ina ulinzi wake. Chini ya Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, rehani ya nyumba ya wanandoa ni halali pale tu mwenzi, au wenzi, wanaoishi humo wameridhia. Mkopeshaji ana wajibu wa kuchukua hatua za kujiridhisha kuhusu ridhaa hiyo. Naye mwombaji anayeficha ukweli kwa makusudi anatenda kosa. Mkopaji akishindwa kulipa, hupewa notisi ya maandishi, na nyumba haiwezi kuuzwa kabla ya siku 60 kupita tangu aipokee.

Katika vijiji vya mwambao wa Ziwa Nyasa, ardhi nyingi iko chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999. Mwenye hati ya hakimiliki ya kimila anaweza kuitumia kama dhamana. Kabla ya kusaini, inafaa aulize ofisi ya kijiji na ofisi ya ardhi ya halmashauri kuhusu taratibu zinazohusu hati yake, na abaki na nakala ya mkataba.