Kompyuta ya bei nafuu: Kagua kabla ya kulipa
KOMPYUTA za mezani zilizotumika ng'ambo huuzwa kwa bei nafuu jijini Nairobi, lakini mnunuzi asipochunguza, rahisi hugeuka ghali. Iwashe mashine dukani, uitazame saa yake. Ikiwa imerudi nyuma miaka mingi, huenda betri ndogo ya ndani imekwisha. Fundi huibadilisha kwa dakika chache. Aghalabu huweza pia kuongeza memori na kubadilisha diski.

La kuchunguzwa zaidi ni prosesa. Microsoft ilikomesha huduma ya kawaida ya usalama wa Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, nayo Windows 11 haikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha nane. Kasoro hiyo haitibiwi kwa bisibisi. Aliyekwisha kununua anaweza kuwekewa Linux, mfumo usiolipiwa.