Askofu Aliyetakiwa na Kaisari

Yapata mwaka 356, Kaisari Constantius wa Pili, mtoto wa Konstantino Mkuu, aliwaandikia barua ndugu wawili, Ezana na Sazana, watawala wa Aksum katika nyanda za juu za kaskazini mwa Ethiopia ya leo. Hakuwa akitafuta pembe za ndovu, ingawa Aksum ilizisafirisha kwa wingi kupitia Bahari ya Shamu. Alimtaka mtu mmoja, askofu Frumentius. Apelekwe Misri haraka, akahojiwe imani yake.

Kosa la Frumentius lilikuwa ni aliyemweka wakfu. Huyo alikuwa Athanasius, askofu wa Alexandria na adui mkubwa wa mafundisho ya Ario, yaliyokana usawa wa Mwana na Baba na kupendelewa na kaisari. Mwaka huohuo askari wa kaisari walikuwa wamemvamia kanisani usiku na kumtimua, kiti chake akapewa George wa Kapadokia. Barua inamtaja Athanasius kama mtu mwenye maovu yasiyohesabika, na inawatahadharisha watawala wa Aksum kwamba Frumentius asipokwenda kunyooshwa na George ataipotosha nchi nzima. Cha ajabu ni kwamba aliyetuhifadhia barua hiyo ni Athanasius mwenyewe: aliinakili katika utetezi aliouandika akiwa mafichoni, akilindwa na watawa wa jangwani.

Naanza na barua hiyo makusudi. Maaskofu watakatifu wengi wa karne za kwanza wamebaki katika visa ambavyo mwanahistoria hapati pa kushika. Huyu kaua joka, yule kakatwa kichwa akakiokota na kutembea nacho. Frumentius naye ana kisa chake kitamu, ila yeye ana pia hasimu aliyeandika jina lake, cheo chake na mji wake wakati yu hai.

Kisa tunakipata kwa Rufinus wa Aquileia, aliyeandika historia ya kanisa mwanzoni mwa karne ya 5. Anasema mwanafalsafa mmoja wa Tiro, jina lake Meropius, alifunga safari ya kwenda kuiona “India”. Zama hizo jina hilo lilibeba karibu kila nchi iliyokuwa mbele ya Bahari ya Shamu. Alikuwa na wavulana wawili wa ukoo wake aliokuwa akiwafundisha, Frumentius na Aedesius. Wakati wa kurudi, chombo kikatia nanga bandari fulani ili wachukue maji na chakula. Bahati mbaya mapatano kati ya wenyeji na Waroma yalikuwa yamevunjika karibuni. Meropius na mabaharia wote wakauawa.

Watoto hawakuwamo chomboni. Walikutwa chini ya mti wakidurusu masomo yao. Wenyeji wakawaonea huruma, wakawapeleka kwa mfalme. Aedesius akafanywa mnyweshaji. Frumentius, aliyeonekana ana akili pevu, akakabidhiwa hazina na ukarani. Mfalme alipofariki aliwaacha huru, lakini mjane wake aliwasihi wabaki wamsaidie kuendesha nchi mpaka mwanawe akue. Katika miaka hiyo Frumentius aliwatafuta wafanyabiashara Wakristo waliotoka dola ya Roma, akawapa mahali pa kusali. Wafanyabiashara kutoka dola hiyo hawakuwa wageni huko. Periplus, kitabu cha mabaharia kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya 1, kinaieleza Adulis, bandari ya Aksum, na kikishuka kusini kinafika Azania na soko la Rhapta, yaani pwani hii yetu.

Mtoto wa mfalme alipokua, wageni wale wakakabidhi kila kitu na kuaga. Aedesius alikimbilia Tiro kuwaona wazazi. Frumentius akaenda Alexandria kumweleza Athanasius kwamba kule kuna Wakristo na wanahitaji askofu. Athanasius akaona hakuna anayefaa kuliko huyohuyo mleta habari, akamweka wakfu na kumrudisha. Wataalamu bado wanabishana kama hayo yalitokea karibu na mwaka 330 au katika miaka ya 340.

Rufinus anasisitiza kwamba hakuokota uvumi. Alisimuliwa na Aedesius mwenyewe, aliyekuja kuwa padri wa Tiro. Nami nikisoma namwamini, kwa sababu masimulizi yana alama ya msimulizi. Habari za ikulu zimejaa, habari za kuagana zimejaa, kisha Frumentius akisharudi Afrika kila kitu kinafupishwa: miujiza ikatendeka, watu wasiohesabika wakaamini, basi. Ndivyo anavyosimulia ndugu aliyerudi nyumbani. Yaliyofuata hakuyaona. Na jina la Aksum halimo kabisa katika kisa hicho, wala la Ezana. Bila barua ya yule kaisari mwenye hasira, tungekuwa bado tunaitafuta ile “India” kwenye ramani.

Ushahidi mwingine unatoshea kwenye kiganja. Sarafu za dhahabu za Ezana ni ndogo, ukubwa wa ukucha hivi, na sura ya mfalme imo katikati ya masuke mawili ya nafaka. Zile za mwanzo zina mwezi mwandamo na duara juu ya kichwa chake. Za baadaye zina msalaba. Mawe yanasema hivyohivyo. Katika maandishi ya awali Ezana ni mwana wa Mahrem, mungu wa vita. Katika mengine, yaliyoandikwa kwa Kigiizi, anamshukuru Bwana wa Mbingu, jina ambalo halikuwa na sababu ya kumkera mtu yeyote nyumbani. Ila katika maandishi ya Kigiriki, ambayo wageni wangeyasoma, anawataja wazi Baba, Mwana na Roho Mtakatifu. Mfalme huyo alijua kupima maneno. Na hakuna dalili yoyote kwamba alimkabidhi askofu wake. George wa Kapadokia mwenyewe aliuawa na umati wa Alexandria mwaka 361.

Waethiopia hawamkumbuki Ezana kwa jina hilo. Mapokeo yao yanasema walioupokea Ukristo ni wafalme ndugu Abreha na Atsbeha, na lipo kanisa kubwa Tigray, limechongwa mwambani, lenye majina yao. Frumentius wanamwita Abba Salama, baba wa amani, na Kesate Birhan, mfunua nuru. Sikukuu yake ni tarehe 26 ya mwezi wa Hamle, inayoangukia 2 Agosti; Waorthodoksi wa Kigiriki humwadhimisha 30 Novemba. Hata Wajesuiti, walipoweka makao yao karibu na Adwa, waliyaita Fremona kwa heshima yake, ingawa walikuja kuwavuta Waethiopia waiache Alexandria na kuifuata Roma.

Kuiacha Alexandria halikuwa jambo dogo. Kwa kuwa Frumentius aliupata uaskofu huko, ikawa desturi kwamba abuna, yaani askofu mkuu wa Ethiopia, atoke Misri, tena awe Mmisri. Kanuni iliyonasibishwa na Mtaguso wa Nikea ikaongezwa kuthibitisha kwamba Waethiopia hawaruhusiwi kujichagulia askofu kati yao. Askofu akifa, ujumbe ulishika njia na zawadi hadi Cairo, ukambembeleza patriarki wa Alexandria, aliyekuwa akikaa huko, na watawala wa Kiislamu, na nchi ikangoja, pengine miaka, bila mtu wa kuwapa daraja mapadri. Mgeni mwenyewe akifika, mara nyingi lugha hajui na ikulu ina kazi naye. Abuna Salama wa Tatu, aliyefika mwaka 1841 akiwa na jina lilelile la mtakatifu, aligombana na Mfalme Tewodros wa Pili, akafungwa, akafia ngomeni Maqdala mwaka 1867.

Mwethiopia wa kwanza kuliongoza kanisa hilo, Abuna Basilios, alishika uaskofu mkuu mwaka 1951 baada ya kifo cha Mmisri wa mwisho, Qerellos. Mwaka 1959 akasimikwa patriarki, na sherehe ilifanyika Cairo, mbele ya Papa Kyrillos wa Sita, patriarki wa Alexandria. Eritrea, ambako ndiko yaliko magofu ya Adulis, ilipopata uhuru mwaka 1993, Wakristo wake wa Orthodoksi hawakutaka kuwa chini ya Addis Ababa. Ujumbe wao ulikwenda Cairo kwa Papa Shenouda wa Tatu kuomba maaskofu.