Damu nayo hushika kutu: stori ya dawa iliyoondolewa 2008

Wasee wa Kamakis, hii ni yenu. Ukipita Eastern Bypass jioni unaona nyama imening'inia kwa buchari, nyekundu kabisa. Ikikaa sana inageuka kahawia na watu wanasema imeoza. Si lazima. Mara nyingi ni chuma kilicho ndani ya nyama kimebadilishwa na oksijeni, karibu vile msumari wa zamani hushika kutu.

Sasa, chuma kama hicho kiko kwa damu yako. Kiko ndani ya hemoglobini, ile inayobeba oksijeni kutoka kwa mapafu. Kemikali ikikinyang'anya elektroni moja, hemoglobini inageuka kuwa methemoglobini, na hiyo haibebi oksijeni. Ikizidi, damu inakuwa ya rangi ya chokoleti na midomo inageuka bluu. Nitriti inaweza kufanya hivyo. Rangi za anilini pia. Madini ya shaba yakizidi mwilini nayo huharibu seli nyekundu. Na kuna dapsoni, dawa ya ukoma.

Mwili una askari wake. Mmoja ni kimeng'enya kinachoitwa G6PD, kinacholinda seli nyekundu zisiharibiwe hivyo. Kuna watu wamezaliwa nacho kikiwa kidogo, hasa wanaume, na wengi hawajui. Wakipata kemikali ya aina hii, seli zinapasuka na damu inaisha haraka.

Hapa ndipo historia inaingia. 1956, watafiti Marekani waligundua kwamba upungufu wa G6PD ndio uliofanya baadhi ya wafungwa waliopewa primakwini, dawa ya malaria, kupoteza damu. 1960, Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, akachapisha utafiti kuhusu upungufu huo kwa damu za watu wa Afrika Mashariki. Ni yeye aliyekuwa ameonyesha 1954 kwamba chembe za selimundu hukinga dhidi ya malaria. Kwa hivyo jambo lilikuwa wazi: pale malaria imekaa vizazi vingi, kama Pwani na kando ya Ziwa, ndipo damu za aina hii ziko nyingi.

Songa mbele. Klorokwini ikashindwa na malaria, na 1998 Kenya ikahamia dawa za kundi la Fansidar. Hizo nazo zikaanza kuchoka. Kukatafutwa dawa ya bei ya chini, ikatoka Lapdap: klorproguanili ikichanganywa na dapsoni. Mchanganyiko huo ulikuwa umejaribiwa hapa Kenya tangu miaka ya 1980. Ikapata kibali Uingereza 2003. Dozi ilikuwa ya siku 3.

Hatari ilijulikana. Ubishi ulikuwa ni kubwa kiasi gani, kwa sababu upungufu wa G6PD wa Afrika ulionekana kuwa mwepesi. Halafu majaribio makubwa yakaonyesha hemoglobini ikishuka vibaya kwa wagonjwa wenye upungufu huo. Februari 2008, GlaxoSmithKline ikatangaza kuiondoa Lapdap sokoni, na maduka ya dawa ya Kenya yakahusika.

Mimi si daktari, na digrii sina. Lakini hesabu naweza: kutoka 1960 mpaka 2008 ni miaka 48. Sitasema waliotengeneza walikuwa wabaya. Watoto walikuwa wanakufa na malaria, na dawa ya bei ya chini ilikuwa inahitajika kweli. Na haki yao, majaribio yaliyoiondoa yalifanyika. Kinachoniuma ni kwamba dawa ilifika kwa kaunta kabla ya kipimo cha damu kufika kwa zahanati. Kama dawa ni ya watu wetu, kipimo cha damu ya watu wetu kifike kwanza, ama vifike pamoja.

Leo malaria hutibiwa na dawa tofauti, usiogope kumeza. Lakini primakwini na dapsoni bado zipo. Ukiandikiwa mojawapo, uliza: "Daktari, G6PD yangu imepimwa?" Na ukimeza dawa kisha mkojo ugeuke kama strungi, macho yawe ya njano, usingoje kesho. Enda hosi.

Tuma hii kwa group ya familia, hasa kama kwenu ni Kisumu ama Kilifi.