Ufunguo wa Pac-Man

Mwaka 1980 kampuni ya Namco ya Japani ilitoa Pac-Man, mchezo wa mashine za sarafu uliobuniwa na Toru Iwatani. Zawadi zake zilipanda kwa hatua: cheri katika hatua ya kwanza, ufunguo katika hatua ya 13. Mwaka 2014 Pac-Man aliingia ulingoni katika Super Smash Bros.; mojawapo ya mapigo yake maalumu ni kuwarushia wapinzani zawadi zilezile, kwa mpangilio uleule. Sasa ufunguo hupatikana kwa sekunde chache tu. Siwalaumu vijana wanaoucheza. Kumbukumbu imehifadhiwa, ila gharama yake imefutika. Nami kama mwalimu nahofia kuwa ndivyo tunavyowarithisha uhuru: tunawakabidhi ufunguo, hatuwasimulii hatua zilizotangulia.