Kiswahili tukipandishie bendera gani?

Wadau, juzi nilikuwa nahangaika na tovuti ya lugha tatu: Kiswahili, Kiingereza na Kifaransa. Pale juu pa kuchagulia lugha nikaweka bendera. Kiingereza ya Uingereza, Kifaransa ya Ufaransa, Kiswahili nikakipa ya Tanzania bila hata kujiuliza. Nikamwonyesha rafiki yangu wa Mombasa. Akacheka, kisha akauliza, "Kwani sisi wa huku twasema lugha gani?"

Nikajitetea kwamba Kiswahili sanifu kimetoka Unguja. Ni kweli, ila historia yenyewe hainibebi sana.

Karne ya 19 kila mmisionari aliandika Kiswahili cha pale alipofikia. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alitegemea zaidi Kimvita katika kamusi yake iliyotoka 1882. Steere alikaa Unguja, na kitabu chake cha 1870 kikafuata Kiunguja. Ubishi ulimalizwa mwaka 1928 kwenye mkutano ulioamua Kiunguja ndicho kiwe msingi. Mkutano huo ulifanyika wapi? Mombasa! (Watu wa Mvita wana haki ya kununa mpaka leo.) Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya pamoja ya Kenya, Uganda, Tanganyika na Zanzibar.

Sasa angalia. Mwaka huo Zanzibar ilikuwa na bendera nyekundu tupu ya Sultani, na Tanganyika ilikuwa chini ya Mwingereza. Bendera niliyobandika mimi ilizaliwa 1964, baada ya Muungano. Yaani nimekivika Kiswahili sanifu nguo iliyoshonwa miaka zaidi ya thelathini baadaye!

Wataalamu wa kompyuta walikuwa waangalifu kuliko mimi. Kiswahili wamekipa herufi mbili tu, sw, zisizo na nchi. Anayetaka nchi anaiongeza mbele: sw-TZ, sw-KE, sw-UG, sw-CD. Ingawa nao kwenye orodha yao ndefu zaidi wamekigawa: cha pwani swh, cha Kongo swc. Mtu wa Lubumbashi sijui kama aliulizwa.

Basi nimeng'oa bendera zote. Nimeandika kila lugha kwa jina lake yenyewe: Kiswahili, English, Français. Anayeitafuta ataitambua hata kama hajui lugha nyingine yoyote. Kiswahili nimekiweka cha kwanza, na hapo sitaki ushauri wa mtu.