Kuzaa bila uchungu? Kutoka Kharkiv hadi benchi la kliniki

 

Juzi nilikuwa mwanaume pekee kwenye benchi la kliniki ya wajawazito hapa Dar. Kwa kuwa mke wangu alikuja na mwenzake tukapitishwa mbele, ndio utaratibu wao, na akina mama waliofika alfajiri wakanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Kabla ya vipimo tukapewa somo. Dakika kumi, labda kumi na tano. Muuguzi alitaja dalili za hatari: kutokwa damu, kichwa kuuma sana, kuvimba uso na mikono, mtoto kuacha kucheza. Akataja vitu vya kubeba: khanga, glovu, wembe, kibana kitovu, mpira wa kutandika. Yote ya maana, sibishi. Mke wangu, mimba ya kwanza, miezi saba, akanyoosha mkono: uchungu ukianza nitajuaje kuwa ndio wenyewe? Akajibiwa, "Utaujua tu, mama." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Basi nikashinda wiki nzima nikisoma. Nani hasa alianzisha haya mambo ya kumfundisha mama kuzaa?

Jina linalojitokeza mapema ni la daktari Mwingereza, Grantly Dick-Read. Akiwa bado kijana London, kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, alimzalisha mama mmoja maskini mtaa wa Whitechapel. Akampa klorofomu, mama akakataa. Baadaye alipomuuliza kwa nini, mama akamjibu kuwa haikumuuma, kwani ilitakiwa iume? Jibu lile likamganda daktari maisha yake yote. Akajenga hoja kwamba hofu hukaza misuli, misuli iliyokaza huleta maumivu, na maumivu huongeza hofu. Dawa yake: mfundishe mama mapema kinachokuja, hofu itaondoka. Kitabu chake cha kwanza kilitoka 1933, na cha pili cha mwaka 1942 ndicho kilichompa umaarufu hadi Marekani. Madaktari wenzake wengi walimpinga. Akina mama ndio waliomsikia. Mwaka 1956 mama mmoja aliyekuwa amefiwa na mtoto, Prunella Briance, alitoa tangazo kwenye gazeti la The Times kutafuta wenzake wa kuunda chama cha kueneza mafundisho hayo. Chama kikazaliwa, Dick-Read akawa rais wake wa kwanza, nacho hadi leo kinaendesha madarasa ya wazazi watarajiwa kule Uingereza.

Lakini kuna kitu kimenikera. Ili hoja yake isimame, Dick-Read alihitaji mwanamke asiye na hofu, na akampata kwenye mawazo yake: mwanamke "asiyestaarabika", anayejifungua kichakani bila hata kuguna kisha anarudi shambani. Aliandika hivyo miaka mingi kabla ya kuja kuishi Afrika. Mwaka 1948 alihamia Afrika Kusini, baadaye akasafiri na familia yake kuwatazama akina mama wa Kiafrika wakizaa, na 1955 akatoa kitabu kingine juu ya safari hiyo. Alikuja kutafuta alichokwisha kukiandika.

Laiti angejifunza neno moja tu la Kiswahili. Sisi ile hali yenyewe tunaiita uchungu. Hatukutafuta neno la kupoza. Methali inasema uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na anayetoka salama tunasema amejifungua, kama mtu aliyekuwa amefungwa kamba. Sasa watu waliozipa hali hizo majina kama hayo, wangeambiwa na nani kuwa haiumi?

Na tazama neno somo. Kwangu mimi pale kliniki lilikuwa ni zile dakika kumi. Kwa bibi yangu wa Pangani, somo alikuwa mtu: mwanamke mzima aliyemfunda tangu alipovunja ungo, akamfuata hadi kwenye ndoa. Bibi alitusimulia kuwa mimba yake ya kwanza ilipofika miezi yake, somo alihamia nyumbani. Alimwambia maumivu yatakuja na kuondoka kama mawimbi, na siku yenyewe alikaa nyuma yake amemshika mgongo, mkunga akiwa mbele. (Simaanishi zamani kulikuwa raha tupu. Bibi huyo huyo alizika watoto wawili.)

Nirudi Ulaya. Wasovieti nao walikuwa na njia yao. Kule Kharkiv, Ukraine, daktari Velvovsky na wenzake walichukua nadharia za Pavlov, yule wa mbwa na kengele, wakadai kuwa mama anaweza kuzoezwa hadi maumivu yasimtawale. Mwaka 1951 serikali ikaamuru njia hiyo itumike nchi nzima. Mwaka huo huo daktari Mfaransa, Fernand Lamaze, aliizuru nchi hiyo, akaona mama akijifungua kwa utulivu, akarudi Paris ameshikwa. Akaanza kufundisha kwenye kliniki ya Bluets, iliyokuwa ya chama cha wafanyakazi wa vyuma: mwili unavyofanya kazi, jinsi ya kupumua, na baba akaruhusiwa ndani. Hata Papa Pius wa 12 aliitolea kauli mwaka 1956, akasema haina ubaya. Mmarekani Marjorie Karmel alijifungua kwa Lamaze, akaandika kitabu mwaka 1959, na mwaka uliofuata yeye na Elisabeth Bing wakaanzisha chama kwao. Ukiona kwenye sinema mama anahema "hii hii huu", ujue imetoka huko.

Wafaransa waliiita kuzaa bila maumivu. Hapo ndipo ilipokwama. Lamaze alikuwa akiwapa akina mama madaraja, kuanzia waliofanya vizuri sana hadi waliofeli kabisa. Aliyepiga kelele kafeli! Fikiria mtu katoka leba anakabidhiwa matokeo ya mtihani.

Mwaka 2007 watafiti walipokusanya majaribio 9 ya madarasa hayo hawakuweza kusema kwa uhakika yanasaidia kiasi gani. Lakini mapitio ya mwaka 2017, majaribio 26 yenye wanawake zaidi ya 15,000, yalionyesha kuwa mama mwenye mtu wa kukaa naye muda wote huchukua muda mfupi zaidi na hupasuliwa mara chache zaidi. Guatemala waliliona hilo tangu 1980, na mtu aliyekaa na mama hata hakuwa ndugu yake. Shirika la Afya Duniani likapendekeza rasmi mwaka 2018: mama awe na mtu anayemchagua mwenyewe.

Kwa hiyo kabla ya kuondoka kliniki nilimuuliza muuguzi kama siku hiyo nitaruhusiwa kuingia. Akanionyesha mlango. Chumba kimoja, vitanda vinne, mapazia mawili.

"Utakaa nje, baba."

"Na shangazi yake je?"

Akanyamaza kidogo. "Mje naye. Tutaona zamu yenyewe ni ya nani."

Shangazi anapanda basi la Tanga mwezi ujao. Nilimpigia jana usiku, mke wangu akaninyang'anya simu wakaongea karibu saa nzima, mimi nimefukuzwa barazani. Simu iliporudi kwangu nilipewa agizo moja tu: nisinunue khanga mpya, za zamani ndizo laini.