Pishi ya Mchele: Historia ya Mlo wa Idi katika Visiwa vya Zanzibar

Utangulizi

Katika visiwa vya Unguja na Pemba, mlo wa sikukuu hupangwa kwa hesabu kabla ya kupangwa kwa ladha. Mwezi wa Ramadhani unapokaribia kwisha, mama wa nyumba huhesabu vichwa: waliomo ndani, mabinti walioolewa watakaorejea na watoto wao, wazee wasioweza kutoka ambao watapelekewa sahani, na majirani wa kulia na kushoto. Hesabu hiyo hufanywa kwa mchele. Kipimo chake cha asili ni pishi, nayo ni vibaba vinne.

Pishi hiyohiyo ndiyo kipimo cha zaka ya fitri, ambayo kila mwenye uwezo hutoa kwa ajili ya nafsi yake na kila aliye chini ya ulezi wake kabla ya sala ya Idi. Madhehebu ya Shafii, yaliyoenea sana mwambaoni, yanaelekeza kwamba zaka hiyo itolewe kwa chakula kikuu cha mji. Na Wazanzibari huitoa kwa mchele. Kwa hiyo, sehemu ya fukara hupimwa na kutoka ndani kabla chungu cha wenye nyumba hakijatelekwa.

Mhadhara huu unachunguza historia ya mlo huo. Hoja yake ni kwamba vyakula vinavyodhaniwa kuwa vya tangu na tangu vimebadilika mara nyingi, lakini wajibu uliomo ndani yake umedumu: kwamba siku ya Idi kila mtu apate kula wali. Wajibu huo ulijaribiwa kila mara mchele ulipoadimika.

Mpunga, Mchele na Wali

Lugha yenyewe inatoa ushahidi wa kwanza. Kiswahili hutofautisha mpunga ulioko shambani, mchele uliokobolewa na wali uliopikwa. Neno mpunga lina ndugu zake katika lugha nyingi za Kibantu. Jamii yenye maneno matatu kwa nafaka moja, katika hatua zake tatu, ni jamii iliyoishi na nafaka hiyo kwa muda mrefu.

Hata hivyo, mchele haukuwa chakula kikuu tangu mwanzo. Utafiti wa akiolojia uliofanywa Pemba umeonyesha kwamba wakazi wa Tumbe, mji uliostawi kati ya karne ya 7 na ya 10, walitegemea zaidi uwele, na mabaki ya mpunga yaliyopatikana huko ni machache. Katika mji jirani wa Chwaka, uliostawi kuanzia karne ya 11, mpunga uliongezeka sana. Mabadiliko hayo yalitokea wakati ambapo misikiti ya mawe ilijengwa na mabakuli ya kigeni yaliingia majumbani. Baadhi ya wanaakiolojia wamehusisha mabakuli hayo na desturi ya karamu, ambapo mwenye mali alijipatia heshima kwa kuwalisha wenzake. Tangu hapo mchele ulikuwa chakula cha kushibisha na pia cha kukirimu.

Ibn Battuta, aliyepita mwambaoni mwaka 1331, aliacha maelezo ya namna alivyokirimiwa Mogadishu. Aliandaliwa wali uliopikwa kwa samli katika sinia kubwa la mbao, pamoja na vitoweo vya kuku, nyama, samaki na mboga. Palikuwa pia na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, maziwa ya mgando, na achari ya ndimu na pilipili, pamoja na tangawizi mbichi na maembe. Mpangilio wa sinia hilo hautamshangaza Mswahili wa leo: wali katikati, vitoweo pembeni, kitu kikali na kichachu cha kuamsha ulimi.

Vilivyokuja kwa Bahari

Lakini katika sinia hilo hapakuwa na mbatata wala tungule, kwa sababu mimea hiyo ni ya Amerika, na ilifika pande hizi baada ya Wareno kuingia katika Bahari ya Hindi mwishoni mwa karne ya 15. Bila mimea hiyo, pilau yenye mbatata na kachumbari ya tungule zisingekuwapo. Majina yenyewe yanataja njia za safari. Pilau na biriani asili yake ni Kiajemi. Kachumbari ilitoka Bara Hindi. Mdalasini umepitia Kiarabu na Kiajemi, ukiwa na maana ya mti wa China.

Mimea hiyo ya Amerika ilileta jambo jingine. Muhogo na mahindi, vilivyokuja kwa njia hiyohiyo, vilikuwa chakula cha siku za kawaida kwa watu wengi. Wali ukazidi kuwa alama ya siku isiyo ya kawaida. Hapo ndipo mlo wa Idi ulipopata uzito wake: aliyekula muhogo mwaka mzima alitarajia wali siku ya Mfunguo Mosi, na kuukosa kulikuwa zaidi ya kukosa kushiba.

Karafuu na Upungufu wa Mchele

Katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, chini ya utawala wa Sayyid Said bin Sultan, mikarafuu ilienea Unguja. Mbegu zake zilitoka visiwa vya Maskarini, na mashamba yalihudumiwa na watumwa. Ardhi na nguvu kazi zilizozalisha chakula zilielekezwa kwenye zao la biashara. Pemba, ambayo katika zama za Wareno ilisifika kwa mpunga uliopelekwa hadi Mombasa, nayo iliingia katika njia hiyo, hasa baada ya kimbunga cha mwaka 1872 kuangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Visiwa vikawa vinauza karafuu na kununua mchele.

Sayyida Salme binti Said, katika kumbukumbu zake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886, alieleza maisha ya kasri la Mtoni pamoja na sikukuu zake. Wingi wa vyakula katika majumba ya namna hiyo ulitegemea mikono ya watumwa: waliopalilia, waliochuma, waliotwanga na waliopika. Historia ya mlo wa Idi haikamiliki bila kuwataja, kwani ufundi wa jikoni unaosifiwa leo kama urithi wa mji ulikuwa kwa sehemu kubwa ufundi wao. Utumwa ulipoondolewa kisheria Zanzibar mwaka 1897, ufundi huo haukuondoka.

Miaka ya Mgao

Kutegemea mchele wa nje kulionyesha hatari yake wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Japani ilipoiteka Burma mwaka 1942, chanzo kikubwa cha mchele wa Bahari ya Hindi kilifungwa, na Zanzibar ikaingia katika mgao wa chakula. Upungufu ulirudi mwanzoni mwa miaka ya 1970, safari hii kwa uamuzi wa ndani. Serikali ilibana uingizaji wa chakula kwa lengo la kujitegemea. Mchele, sukari na unga wa ngano vikawa vya foleni.

Katika miaka kama hiyo, kupanga mlo wa Idi hakukuwa kuchagua kati ya pilau na biriani. Kulikuwa kuamua kama nyumba ingeweza kupika wali kabisa, nani apunguziwe, na sahani ya jirani ipelekwe au isipelekwe. Methali isemayo haba na haba hujaza kibaba hufundishwa shuleni kama wasia wa subira. Katika nyumba ya mgao ilikuwa kanuni ya jikoni.

Hitimisho

Leo pilau imevuka mipaka ya Idi. Katika miji mingi ya Tanzania na Kenya hupikwa pia Krismasi, na wengi waipikao hawaioni kuwa ya watu wengine. Zanzibar bado huagiza sehemu kubwa ya mchele wake kutoka nje ya visiwa, hivyo bei yake katika siku za mwisho za Ramadhani hubaki kuwa mazungumzo ya kila nyumba.

Methali nyingine husema mchele mmoja, mapishi mengi. Historia iliyoelezwa hapa inaonyesha kwamba mapishi ndiyo yaliyobadilika kwa wepesi: viungo vilikuja, majina yalikopwa, mboga za ng'ambo zilikaribishwa. Kugumu kulikuwa kuupata mchele wenyewe, na kuhakikisha kwamba umemfikia asiye nao. Ndiyo maana mpangaji wa mlo wa Idi huanza na pishi ambayo hatakula yeye.